Futi na pauni zinanichanganya

*Nilisomea uhandisi ujenzi Dar es Salaam, kwa mita na kilo. Sasa niko Texas, najiandaa kwa FE, mtihani wa misingi ya uhandisi. Nikiona pauni na futi, akili inasimama. Nifanyeje?*
*Mhandisi, Houston*

Ndugu Mhandisi, hofu yako ina msingi, ila uhandisi wenyewe unaujua. FE hutumia mifumo yote miwili. PE ya ujenzi, mtihani wa leseni unaofuata, hutumia vipimo vya Kimarekani.

Mtego mkubwa ni pauni. Ipo ya tungamo na ipo ya kani. Ukitafuta kani kwa tungamo mara mchapuko, gawanya kwa 32.2 ndipo upate pauni za kani. Hapo ndipo wanaojua wanapopoteza alama, inauma.

Usigeuze swali kuwa mita kisha urudi, muda utakwisha. Kokotoa kwa vipimo ulivyopewa. Zoea ukubwa wake: futi ya ujazo ya maji ni pauni 62.4, na zege lenye nguvu ya pauni 4,000 kwa inchi ya mraba ni kama megapaskali 28. Kitabu cha fomula cha NCEES, baraza linaloandaa mitihani hii, hupakuliwa bure, nacho ndicho utakachokiona kwenye skrini. Fanya mazoezi nacho kuanzia leo.

Makosa yakijirudia, tafuta kikundi cha kusoma. Na kwa kuwa shahada yako ni ya Dar es Salaam, iulize bodi ya leseni mapema kama inakubalika.