Madirisha ya Kituo cha Treni: Somo la Kazi ya Mikono



Hapa Rurambo tuko milimani, na reli hakuna. Wengi wetu hatujaona treni hata siku moja. Lakini kule chini, katika bonde la Ruzizi, treni ilipita zamani. Wakati wa Wabelgiji Reli ya Kivu, iliyoitwa CEFAKI, ilitoka Uvira mpaka Kamanyola, karibu kilometa 90. Walitaka iendelee mpaka Bukavu, lakini haikufika. Ilifungwa mbele ya mwaka 1960.

Kwa maonyesho ya shule, darasa letu lilitengeneza kituo kidogo cha treni kwa karatoni. Tulisimamisha kuta, tukachora madirisha kwa biki nyeusi, tukafurahi. Kisha tukamwita mzee mmoja aliyeona treni ile katika utoto wake. Aliangalia kwa muda, akasema: «Wajukuu wangu, nyumba hii ni kipofu. Mtu wa ndani ataonaje treni inakuja?» Akaenda zake. Sisi tulinyamaza, kisha tukabomoa kuta zote. Basi tunawaandikia tuliyojifunza, ili ninyi msipoteze karatoni kama sisi.

1. KIPIMO. Tuligawa kila kitu kwa 20. Mtu wa meta 1,60 anakuwa wa sentimeta 8. Dirisha la urefu wa meta 1,20 na upana wa sentimeta 80 linakuwa 6 kwa 4. Chini ya dirisha tuliacha sentimeta 5 za ukuta. Kateni mtu wa karatoni, mumsimamishe ukutani: macho yake yafike penye kioo. Yasipofika, dirisha ni baya hata kama ni zuri.

2. UNENE WA UKUTA. Hapa ndipo tulikosea sana. Dirisha la kweli halibandikwi juu ya ukuta, linakaa ndani yake. Ukuta wa sentimeta 25, ukigawa kwa 20, unabaki milimeta 12 na nusu. Karatoni moja haitoshi. Tulikata kuta mbili, ya nje na ya ndani, tukaweka vijiti katikati mpaka unene ukatimia. Pande za shimo tukazifunika kwa karatasi. Sasa jua likipiga, kivuli kinaanguka ndani ya shimo, na jicho linakubali kwamba huu ni ukuta wa matofali.

Katika kukata, anzieni kila pembe mkielekea katikati, ili wembe usipite mpaka. Tumieni rula ya chuma, na vidole visikae mbele ya wembe. Mwenzetu mmoja alisahau, akaandika mtihani na kidole kimefungwa kitambaa.

3. MBAO NA KIOO. Kwa mbao za dirisha, kateni fremu mbili za karatoni zilizo sawasawa, na miti ya katikati iwe na upana wa milimeta 2. Kwa kioo, plastiki ya kufunikia vitabu inafaa. Pakeni fremu rangi kwanza, ikauke. Plastiki iwe ndogo kidogo kuliko fremu. Muiweke katikati ya fremu mbili, karatoni ishikane na karatoni pembeni. Gundi isiguse kioo, sababu doa lake halitoki.

4. GIZA LA NDANI. Simameni uwanjani saa sita mchana, muangalie madirisha ya darasa. Yanaonekana meusi, sivyo? Mwanga wa nje ni mwingi, ule wa ndani ni kidogo. Kwa hiyo sisi tulipaka kuta za ndani makaa yaliyosagwa katika gundi ya unga wa muhogo, tukafunga paa vizuri. Palepale plastiki ikawa kioo.

5. ALAMA ZA WATU. Nyumba inayotumika haina madirisha yote sawasawa. Moja lifunguliwe nusu, lingine liwe na pazia. Chini ya kila moja wekeni kizingiti kinachoinama nje, maji ya mvua yapate njia, na pakeni vumbi jekundu kidogo pahali maji yanatiririka.

Tulipomaliza tukamrudia yule mzee. Aliinama, akafunga jicho moja, akachungulia dirishani. «Sasa ninaona ndani», akasema. Halafu akakaa kwenye benchi, akaanza kutusimulia treni ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Tuliandika kurasa nne. Ndugu zetu, wazee walioiona wanabaki wachache. Dirisha la sentimeta 6 lilimfungua mzee aliyekuwa ametuachia maneno mawili tu.

MAULIZO
1. Mlango wa meta 2 utakuwa na sentimeta ngapi katika kipimo chetu?
2. Kwa nini kioo kinaonekana cheusi mchana? Na usiku, taa ikiwaka ndani, itakuwaje?
3. Nyumba gani ya zamani katika kijiji chenu imebomoka? Nani bado anaikumbuka?