Dozi Isiyo na Mwisho

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 41. Nilizaliwa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, nikaolewa huku juu Maguu, tunalima kahawa pamoja na mahindi na maharage ya ngoro. Shingo ilianza kunivimba nikiwa msichana. Miaka mitatu iliyopita uvimbe ulianza kunibana koo nikilala, nikafanyiwa upasuaji, tezi ikatolewa yote. Niliporudi nyumbani kila mtu alisema sasa nimepona.

Kumbe ndipo uchovu ulipoanza. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nasikia baridi wenzangu wakitoka jasho. Ngozi imekauka, nywele zinakatika, choo ni kigumu, hedhi inatoka nyingi na inakaa siku nyingi. Nimenenepa ilhali sili kitu cha maana. Mwaka jana nilipimwa damu, nikaambiwa TSH iko juu, nikapewa vidonge vya levothairoksini. Nikapata nafuu kubwa. Chupa ilipokwisha nikajua dozi imekwisha, nikaacha, yote yakarudi. Nikaanzishiwa tena. Sasa ni miezi mitano navimeza kila asubuhi kwa kahawa ya maziwa, pamoja na vile vyekundu vya kuongeza damu, lakini bado nachoka.

Mume wangu amesema mbele ya watoto kwamba nimekuwa mvivu. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, twende kwa mganga. Wifi yangu wa Mbamba Bay ameniletea unga wa mwani wa Zanzibar, anasema ndio wenye madini joto. Na kwenye maombi mtu mmoja aliniambia kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Shangazi, niviache? Na nitapona lini?

Mama wa Wanne, Maguu

*

Pole kwa kuugua, na pole zaidi kwa kuitwa mvivu ukiwa mgonjwa.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lililozaa mengine. Malaria tunaijua: siku tatu za dawa ya mseto, dozi imekwisha, mtu anarudi shambani. Kifua kikuu ni miezi sita. Ulipoona chupa imekwisha ukahesabu hivyo hivyo, nami sikulaumu, maana ndivyo tulivyozoea sote. Lakini kidonge hiki hakiui mdudu wala hakitibu kidonda. Kinaziba pengo. Tezi iliyokuwa shingoni mwako ilitengeneza homoni inayoongoza mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, tumbo lisage vipi, mwili upate joto kiasi gani, hedhi itoke lini na kwa wingi gani. Tezi haipo tena, na homoni ile sasa inatoka kwenye kidonge. Ukiacha, inapungua taratibu kwa wiki kadhaa, na yote uliyoyataja yanarudi moja moja. Kwa hiyo siku ya kumaliza dozi haipo. Siku ya kuamka na nguvu zako, ukalima na kusimama jikoni bila kushika ukuta, hiyo ipo.

Wala hujaugua ugonjwa mpya. Mwaka 1883 daktari wa upasuaji Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, nchi ya milima iliyokuwa na shingo nyingi zilizovimba, alieleza jambo lililomshtua. Wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walikuwa wamebadilika: wazito, wenye baridi, nyuso zimevimba, akili zimepungua kasi. Hakuna aliyewaloga, kilichokosekana ni tezi. Miaka minane baadaye, 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kumtibu mama wa miaka 46 mwenye hali kama hiyo kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama yule aliendelea na tiba bila kuiacha akaishi hadi miaka 74. Ilichukua kondoo wengi sana kumweka hai. Wewe unahitaji kidonge kidogo kila siku, lakini ukimeze sawasawa.

Na hapo ndipo penye shida yako ya pili. Wilaya yenu ya Mbinga ni nchi ya kahawa, siwezi kukuambia uiache. Ila kahawa inazuia kidonge hiki kuingia mwilini vizuri. Maziwa nayo yanazuia, kwa chokaa iliyomo. Vidonge vyekundu vya kuongeza damu ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa madini ya chuma yanashikamana na dawa tumboni, vyote viwili vinatoka chooni. Umekuwa ukimeza kidonge kizima na pengine kupata nusu ya kazi yake. Kuanzia kesho fanya hivi: ukiamka tu, kabla ya kuwasha moto, meza kwa maji matupu. Subiri nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo unywe kahawa na kula. Vile vyekundu visogeze mchana au jioni, vipishane na hiki kwa saa nne au zaidi. Kama asubuhi zako ni za kukimbizana na watoto wa shule, muulize daktari kuhusu kumeza usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula. Nayo ni njia inayokubalika. Ukisahau, kimeze siku hiyo hiyo utakapokumbuka, tumbo likiwa tupu. Na chupa usiiweke juu ya jiko wala dirishani penye jua.

Sasa TSH. Wengi wakiambiwa iko juu wanadhani homoni imezidi, kumbe ni kinyume. TSH inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo. Ni kama bibi anayemwita mjukuu aliye bondeni: asipoitikiwa, anapaza sauti. Homoni ikipungua, TSH inapanda. Homoni ikitosha, inashuka. Ndiyo maana dozi haikadiriwi kwa kukutazama uso, wala wewe hupaswi kujiongezea kidonge kwa sababu leo umechoka. Ukizidisha utasikia moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na baada ya muda mifupa nayo inadhoofika.

Baada ya kurekebisha namna ya kumeza, hesabu wiki sita hadi nane kisha upimwe. Kabla ya hapo namba haijatulia, kwa sababu dawa hii hujijenga mwilini polepole. Hospitali za Litembo, Peramiho na ile ya rufaa ya mkoa Songea zipo upande wako. Kabla ya kulipa nauli, piga simu uulize kama wanapima TSH wenyewe au wanatuma sampuli kwingine, na majibu yanachukua siku ngapi. Namba utakayopewa iandike kwenye daftari, pamoja na tarehe na dozi. Daktari anaweza kuhamishwa kituo, lakini daftari linabaki nyumbani kwako.

Siku hiyo hiyo omba vipimo vingine, maana si kila uchovu wako ni wa tezi. Hedhi nyingi inamaliza damu, nawe unalima udongoni ambako minyoo ya safura hunyonya damu pia. Wapime wingi wa damu. Umekulia ziwani ukioga na kufua ufukweni, kwa hiyo mweleze daktari akuangalie kichocho, ambacho kwenye ufuko wa Nyasa si kigeni. Kisukari nacho kipimwe. Na kwa kuwa ulipasuliwa shingo, sema kama unapata ganzi midomoni na vidoleni au misuli inakakamaa. Nyuma ya tezi hukaa vitezi vinne vinavyolinda chokaa ya damu, na upasuaji unaweza kuvigusa. Kama kuna uwezekano wa mimba, usingoje wiki ya nane, nenda mara moja, kwa sababu mjamzito huhitaji dozi kubwa zaidi na mtoto tumboni anaitegemea. Na ikitokea umelala usingizi usioamshika vizuri, mwili wa baridi, maneno yamechanganyika, wakupeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Wifi yako amekupenda, mshukuru. Lakini madini joto ni malighafi ya tezi, nawe tezi huna. Unga wa mwani hautapata wa kuutumia. Na kama kuna kipande kilichobaki, kiasi kilichomo kwenye mwani hakitabiriki, kikizidi kinaweza kukivuruga. Uuweke kando.

Wenye kuhitaji madini joto ni wanao, na hapo wifi ana hoja. Nyanda zetu za juu mvua imeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo kwa karne nyingi, ndiyo maana shingo zilivimba kuanzia Iringa na Mbeya hadi Ruvuma. Wala tusijidanganye kwamba ziwa linatuokoa: usipa na mbasa ni vitoweo bora, lakini samaki wa maji baridi hawana madini joto kama wa baharini. Miaka ya 1980 Serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia kwenye chumvi. Watafiti Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha mwaka 2009 matokeo ya mpango ule wa vidonge hapa Tanzania: watoto ambao mama zao walikingwa wakati wa ujauzito walisonga mbele shuleni kuliko wenzao kwa takriban theluthi hadi nusu ya mwaka wa masomo, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Kwa hiyo gulioni acha ile chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo. Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na moshi na unyevu, na uitie chunguni chakula kikikaribia kuiva.

Jambo jingine ni mihogo michungu, ambayo ndugu zako wa ziwani wanaifahamu. Isipolowekwa na kukaushwa ipasavyo inabaki na sumu, na mwili ukiishughulikia sumu hiyo unatoa kitu kinachoizuia tezi kupata madini joto. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, huko Kongo, watafiti walikuta watu wote wana upungufu wa madini joto, lakini shingo zimevimba zaidi upande wanakokula mihogo kwa wingi. Nasi tumeonja ubaya wake kwa namna nyingine: mwaka 2001 na 2002 wilaya ya Mbinga ilipata wagonjwa wa konzo, kupooza miguu kunakotokana na mihogo isiyoandaliwa vizuri. Muhogo usikatazwe mezani, ila njaa isiwafanye mkapunguza siku za kuloweka.

Mama mkwe usimjibu kwa ukali. Mwambie, "Mama, kilichonipata kimeonekana maabara na kina namba." Akitaka kukuona unapona, mwombe akupe nauli ya Songea badala ya kuku wa mganga. Na aliyekuambia vidonge ni kukosa imani, mkumbushe kwa upole kwamba hospitali za Peramiho, Litembo na ile ya kwenu Liuli zilianzishwa na watu wa kanisa. Ombewa, mwanangu, kisha meza kidonge.

Sasa gazeti hili mpe mume wako, aya hii ni yake. Baba, wewe ni Mmatengo, unajua ngoro inavyochimbwa. Desturi ni mwanamume kufyeka na kupanga nyasi kwa miraba, kisha mwanamke kushika jembe na kuzifukia kwa udongo, shimo moja baada ya jingine mteremko mzima. Kazi yako ikiisha inaonekana imeisha. Yake ikichelewa, mlima wote unaona nani kachelewa. Mwili unaokosa homoni hii hauwezi kubeba jembe hilo kutwa, hata mwenyewe akitaka. Msimu huu fukia naye, au tafuteni vibarua mpunguze eneo. Na ile kauli uliyoitoa mbele ya watoto, iondoe mbele ya watoto hao hao, waambie mama yao ni mgonjwa na anatibiwa.

Nawe mama, usimfiche gharama. Kaeni chini wawili, mhesabu vidonge vya mwaka mzima na safari za vipimo, mtenge gharama hizo mara fedha za kahawa zikiingia, kabla hazijatawanyika. Kama mna bima ya afya, ulizeni kituoni inabeba nini katika hayo. Na chupa ikibakiza vidonge vya wiki mbili, hiyo ndiyo siku ya kutafuta nyingine.

Baada ya kipimo kijacho niandikie. Taja TSH ni ngapi, damu ni ngapi, na kama bado unameza kwa kahawa.

Shangazi