Kava la Godoro kwa Nyumba ya Singida

Ukiuliza kava la godoro dukani, muuzaji ataanza kusifia ulaini. Kwa Singida mimi ningeanza na vumbi. Mvua zikishakatika, kuanzia Juni upepo unavuma karibu kila siku, unapenya chini ya bati na kwenye nyufa za madirisha, na vumbi lote linaishia kitandani. Mji wenyewe uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli. Kava linalomfaa mtu wa Tanga au Dar es Salaam, anayelala akitoka jasho, si lazima likufae wewe.

Kabla ya kutoa hela, vua shuka uangalie godoro. Limebonyea katikati? Basi hakuna kava litakaloliinua, hata liwe nene namna gani. Linyanyue ukague chaga: mara nyingi moja imevunjika, au zimeachana mno. Kubadilisha chaga ni kazi ndogo ya fundi seremala, na huenda usihitaji kingine.

Swali la pili: nani analala hapo? Kwa mtoto anayekojoa, kinga ya maji ni lazima. Sponji hunyonya mkojo hadi ndani kabisa, na ukilianika godoro juu hukauka upesi wakati katikati bado pabichi, harufu haitoki. Wengi hudhani dawa ni kuliacha godoro na nailoni lake la dukani. Nailoni linachakarisha usiku kucha, linakusanya jasho, na likilegea ni hatari kwa mtoto mchanga, linaweza kumziba pumzi. Kava zuri la kuzuia maji lina kitambaa juu na utando mwembamba umegandishwa chini yake. Likunje karibu na sikio: likilia kama mfuko, liache. Utando huo hautaki pasi, maji yanayochemka wala jiki.

Kama bajeti haifiki huko, ule mpira wa makintoshi alionunua mama kwa ajili ya kujifungua bado una kazi. Utandike katikati ya kitanda cha mtoto aliyekwishakua, chomeka ncha zake chini ya godoro, kisha weka khanga nzito juu yake na shuka mwisho. Asubuhi unafua khanga na shuka, mpira unaufuta.

Mtu mzima asiye na shida hiyo sioni kwa nini alipie kinga ya maji. Anahitaji kitu cha kuzuia vumbi na cha kumpa joto, na blanketi la zamani lililoshonewa lastiki linatosha. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa nchi 8 linahitaji kipande cha nchi 84 kwa 96, yaani nchi 8 za kushuka ubavuni na 4 za kujikunja chini kila upande. Kama ni pamba, lifue kwanza ndipo fundi akate, maana pamba hurudi. Na usishone zito kuliko unavyoweza kulikamua: mahali ambapo maji yanafuatwa kwa ndoo, kava nene sana halifuliwi, na kava lisilofuliwa linageuka ghala la vumbi.

Penye kunguni habari ni nyingine. Hapo nunua la zipu linalofunika godoro pande zote sita, kagua kama zipu inafika mwisho bila kuacha upenyo, na ulifunge mwaka mzima bila kulifungua, kwa sababu kunguni anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Huku nyuma mwagia maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda na chaga, kwani godoro si maficho yao pekee.