Kadi Moja, Watoto Wawili

*Mke wangu amejifungua mapacha, wa kike na wa kiume, nami nataka kuwapelekea ndugu kadi ya kuwajulisha. Mama mkwe anasema iandikwe "Kulwa na Doto" basi. Mke wangu anataka majina ya ubatizo tu. Dizaina wa stesheneri kaleta picha moja na maneno "Mapacha Wetu". Nimfuate nani?*
*Baba Mapacha, Bariadi*

Baba Mapacha, hongereni sana. Ushauri wangu ni kwamba kadi hiyo iwatambulishe watu wawili, na kwa kipimo hicho mapendekezo yote matatu yanapungukiwa. Mama mkwe ana hoja nzito. Usukumani Kulwa ndiye aliyetangulia, Doto akafuata, na atakayezaliwa baada yao tayari jina la Shija linamngoja. Ndugu wa Maswa au Meatu akisoma hivyo anajua papo hapo nani mkubwa. Lakini majina haya hayachagui jinsia: Doto Biteko, aliyeteuliwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, ni mwanamume, na wanawake wanaoitwa Doto ni wengi tu. Shangazi ataipokea kadi asijue binti ni yupi, tena katika mkoa uliojaa akina Kulwa, jina hilo peke yake halimtofautishi na wengine. Majina ya ubatizo peke yake nayo yanamtofautisha kila mtoto, ila yanaficha nani alitangulia na kumnyima bibi majina anayowaitia wajukuu. Basi yaandikwe yote mawili kwa kila mtoto, pamoja na jinsia, tarehe na saa aliyozaliwa.

Utasema kadi mbili ni gharama. Sikushauri mbili. Kadi moja ya kukunja inatosha: upande wa kushoto Kulwa, wa kulia Doto, kila mmoja na picha yake (na dizaina asinakili sura moja mara mbili kwa haraka ya kazi). "Mapacha Wetu" peke yake haisemi ni akina nani, basi ibaki juu kwa nje. Kwenye uzito wa kuzaliwa ndipo penye ubishi. Mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya miezi kutimia, wakiwa wadogo, na si ajabu mmoja kumzidi mwenzake. Kama mama hataki maneno ya watu, uzito uachwe kwa wote wawili. Kuutaja wa mmoja na kuuficha wa mwingine ni kuwachochea wasemaji.

Wapo watakaouliza kwa nini kuchapa wakati WhatsApp ipo. Kwa vijana wa mjini, itumie. Ila mzee wa Itilima mwenye simu ya kitochi hana pa kuiona picha, na kadi anaweza kuitunza. Hatari iliyopo ni nyingine kabisa: kwetu bahasha yenye kadi ikifika, mtu hutazama kwanza anadaiwa mchango kiasi gani. Andika chini kwa herufi zinazosomeka: "Hii ni taarifa ya furaha, si kadi ya mchango." Usiweke namba ya simu ya kupokelea pesa. Mwenye zawadi yake atakuja nayo.

Kabla ya kulipia, chapa nakala moja, mpe mkeo na mama mkwe waisome pamoja, majina na saa vilingane na karatasi za hospitali. Karatasi hizo uzitunze: wakala wa usajili, RITA, hutoa cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto, hata kwa mapacha, kwa hiyo vyenu vitakuwa viwili.