Mkono Ambao Mume Hakuutambua

Hapa mtaani Langoni mama mmoja alinijia akilia. Mumewe, fundi wa kuchonga milango, alikuwa amepatwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto ukapooza. Lakini silo lililomliza. "Mwalimu, nikimshika mkono wa kushoto hata hageuki. Jana ameniuliza, 'Huu mkono ni wa nani?' Mume wangu amenichoka." Majirani walikwisha kumnong'oneza habari za uchawi.

Huenda nawe ungefikiri hivyo. Basi elewa kwanza jinsi tunavyohisi. Ngozi hupokea mguso, lakini anayeutambua ni ubongo. Upande wa kushoto wa mwili hupeleka habari zake kwenye nusu ya kulia ya ubongo, na huko kila kiungo kina mahali pake, kama ramani. Mwaka 1937 daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, na mwenzake Edwin Boldrey waliieleza ramani hiyo. Waliwapasua wagonjwa wakiwa macho (ubongo wenyewe hauhisi maumivu), wakaugusa ubongo kwa umeme kidogo, na mgonjwa akawaambia ni kiungo gani anachohisi kimeguswa. Midomo na vidole vina sehemu kubwa. Mgongo, pamoja na upana wake wote, umepewa kidogo tu.

Kiharusi kikiharibu nusu ya kulia, mgonjwa aweza kupoteza hisi ya mkono wa kushoto, na wengine husahau kabisa kwamba upande huo upo. Hula chakula cha upande mmoja wa sahani, cha pili wakakiacha. Nilipomwuliza yule mama habari za sahani, alinyamaza kidogo. "Wali wa kushoto hubaki," akasema.

Basi wewe mke, au mume, usinune. Ahadi ya siku ile ilitaja ugonjwa pia. Ushike mkono wake wa kushoto mbele ya macho yake, mwambie autazame, uupapase taratibu huku ukimwambia ni wake. Wakati wa kula mkumbushe kuangalia kushoto. Maji ya kuoga uyajaribu wewe, maana aweza kuungua asijue. Mazoezi ya hospitali msiyaache. Wengi hupata nafuu, hasa miezi ya kwanza, ingawa si wote wanaopona kabisa.

Nilimwuliza mama swali moja zaidi: na mkono wa kulia? Huo ulikuwa mzima siku zote, ukihisi kila kitu. Hakuwa ameushika tangu aliponuna.