Kuendesha Mashindano ya Mieleka Shuleni: Mizani Kwanza, Makundi Baadaye

Watoto hushikana mieleka bila ya kufundishwa na mtu. Mwalimu yeyote aliyepata kuwa zamu wakati wa mapumziko amewaona wavulana wawili wakikamatana viunoni huku wenzao wamewazunguka na kushangilia, na pengine amewaamua kwa fimbo. Kwa hiyo suala linalomkabili mwalimu si kama watoto wapigane mieleka au wasipigane. Suala ni kama watapigana nyuma ya madarasa pasipo sheria, au uwanjani mbele ya mwalimu anayejua kazi yake.

Katika makala haya tunakusudia kumweleza mwalimu mwanafunzi namna ya kuandaa mashindano ya mieleka ya siku moja kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tutazingatia zaidi sehemu ambayo mara nyingi hufanywa kwa haraka, nayo ni kupima uzito. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha haya tunayoyaandika.

1. Kwa nini tunapima uzito?

Mieleka ni mchezo wa kale. Uliingizwa katika michezo ya Olympia, Ugiriki, mwaka 708 K.K., na mieleka ya wavulana ikaongezwa mwaka 632 K.K. Wagiriki hao waliwatenga wavulana na watu wazima, lakini hawakuwatenga wepesi na wazito. Hata Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896 haikuwa na madaraja ya uzito katika mieleka. Washindani walikuwa watano tu, na mshindi, Carl Schuhmann wa Ujerumani, alikuwa mtaalamu wa sarakasi aliyemwangusha Launceston Elliot wa Uingereza, bingwa wa kunyanyua vyuma. Madaraja ya uzito yalitumika katika Olimpiki ya mwaka 1904 mjini St. Louis, Marekani.

Basi, kupima uzito ni desturi iliyoletwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni haki: ustadi ushindane na ustadi, si wingi wa nyama. Ya pili ni usalama: mtoto wa kilo 30 akiangukiwa na mwenzake wa kilo 45 anaweza kuvunjika mkono au kuumia shingo. Mwalimu akizikumbuka sababu hizi mbili, atajua kuwa mizani ni mtumishi wa mtoto. Mtoto hakuumbwa kwa ajili ya mizani.

2. Kosa letu

Mwaka mmoja tulikuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, nasi tukaamua kufunga muhula kwa mashindano ya mieleka. Siku saba kabla ya mashindano tulibandika ubaoni madaraja ya uzito: mwisho wa kilo 34, mwisho wa kilo 38, mwisho wa kilo 42, na kuendelea. Tulidhani tumefanya kazi safi.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alikuwa na kilo 39. Aliona kwamba akipungua kilo moja tu atakuwa mkubwa katika daraja la 38, badala ya kuwa mdogo katika daraja la 42. Hakutuuliza neno. Siku mbili kabla ya mashindano aliacha chakula cha jioni. Siku iliyofuata alikimbia uwanjani adhuhuri akiwa amevaa masweta mawili, na hakunywa maji hata baada ya jua kuchwa. Asubuhi ya mashindano mizani ilionyesha kilo 37.8, nasi tukampongeza mbele ya wenzake.

Katika nusu ya pili ya pambano lake la kwanza miguu yake ilianza kutetemeka. Alipiga magoti kabla mpinzani wake hajamgusa, akatapika, kisha akalala mchangani. Tulimchukua hadi zahanati, na kwa bahati njema jioni alikuwa amepata nafuu. Mama yake alipofika hakugombana nasi. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, ni nani aliyemwambia mwanangu kwamba hiyo kilo yake moja ni mbaya?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Jibu tunalo leo: ni ubao wetu uliomwambia.

3. Hatari ya kujipunguza uzito kwa haraka

Uzito unaopotea kwa siku moja au mbili si mafuta ya mwili, bali ni maji. Lita moja ya jasho ni kilo moja ya uzito. Maji yakipungua, damu hupungua wingi wake, moyo hulazimika kupiga upesi zaidi, na mwili hushindwa kujipoza kwa jasho. Mtoto huchoka mapema, huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, na joto la mwili wake laweza kupanda hadi kiwango cha hatari.

Hatari hii si ya kubuni. Kati ya tarehe 7 Novemba na 9 Desemba 1997, vijana watatu wanamieleka wa vyuo vya Marekani, katika majimbo matatu mbalimbali, walikufa wakiwa katika jitihada za kupunguza uzito kwa haraka ili wafuzu mizani. Walikuwa wamejinyima chakula na maji, huku wakifanya mazoezi mahali penye joto wakiwa wamevaa mavazi yasiyopitisha jasho. Walikuwa vijana wenye afya. Mwezi Januari 1998 sheria za mieleka ya vyuo nchini humo zilibadilishwa: mavazi hayo na vyumba vya joto vikapigwa marufuku, na upimaji ukasogezwa karibu na mashindano, ili kijana asipate nafasi ya kujikausha leo na kujijaza maji kesho. Aidha, tangu msimu wa 2006/2007 sheria za shule za sekondari za huko zinamzuia mwanamieleka asipunguze zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki moja.

Kwa watu wazima mizani haina huruma. Katika Olimpiki ya Paris, tarehe 6 Agosti 2024, Vinesh Phogat wa Uhindi alishinda mapambano matatu na kuingia fainali ya wanawake ya kilo 50. Asubuhi ya tarehe 7 alipimwa tena, akaonekana amezidi kwa gramu 100. Alitolewa mashindanoni, akawekwa wa mwisho katika orodha. Hiyo ndiyo sheria ya United World Wrestling, shirikisho la mieleka la dunia, na kila mshindani huijua kabla ya kwenda. Lakini mtu mzima aliyechagua kazi hiyo, mwenye daktari na mwalimu wake, ni jambo moja. Mtoto wa darasa la sita anayekua ni jambo jingine. Shirikisho hilo hilo huanzisha mashindano yake kwa vijana wa miaka 14 na 15, na wa miaka 13 huruhusiwa tu wakiwa na cheti cha daktari na idhini ya mzazi. Sisi tunaofundisha walio wadogo zaidi hatuna budi kuwa waangalifu zaidi.

4. Utaratibu tunaopendekeza

Msingi wa utaratibu wetu ni huu: tusitangaze madaraja yoyote kabla ya mashindano. Tupime kwanza, kisha tupange makundi kwa kuwaweka pamoja wenye uzito unaokaribiana. Mtoto asiyejua mpaka utakatwa wapi hana sababu ya kujinyima uji wa asubuhi. Utaratibu wa namna hii hutumika pia katika mashindano ya watoto wadogo huko Marekani.

(a) Maandalizi. Wiki mbili kabla, wazazi waandikiwe barua na kuombwa idhini. Wanafunzi wapimwe uzito mara ya kwanza katika kipindi cha Hisabati, na matokeo yahifadhiwe na mwalimu. Siku ya mashindano, mtoto akionekana amepungua zaidi ya kilo moja, mwalimu amwite faraghani na kumuuliza alikula nini na alikunywa nini. Asicheze mpaka mwalimu aridhike kwamba ni mzima.

(b) Mizani. Iazimwe zahanati ikiwa shule haina. Iwekwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, wala si juu ya mkeka au udongo. Mshale uwe kwenye sifuri kabla ya kila mtoto kupanda. Ili kuihakiki, chukua dumu tupu, ulipime, kisha ulijaze lita 20 za maji na kulipima tena. Tofauti iwe kilo 20. Watoto wote wapimwe kwa mizani hiyo moja.

(c) Chumba cha kupimia. Wavulana wapimwe na mwalimu wa kiume, wasichana na mwalimu wa kike, na kila chumba kiwe na watu wazima wawili. Mtoto apimwe akiwa na nguo nyepesi za michezo, bila viatu. Uzito uandikwe, usitangazwe kwa sauti. Mtoto mnene au mwembamba aliyechekwa siku hiyo hatarudi uwanjani tena. Wakati huo huo zikaguliwe kucha, hereni na bangili, pamoja na ngozi. Mwenye choa, upele au jipu asishindane, bali apelekwe zahanati, na aelezwe kwa upole kwamba atacheza akipona.

(d) Kupanga makundi. Andika majina kuanzia mwepesi hadi mzito, kisha ugawe wanne wanne. Tofauti kati ya mwepesi na mzito wa kundi isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa yule mwepesi. Tuchukue mfano wa wavulana 16:

Kundi A: kilo 31, 31.5, 32, 33
Kundi B: kilo 35, 36, 36.5, 38
Kundi C: kilo 40, 41, 42, 43.5
Kundi D: kilo 46, 47, 48.5, 50

Katika Kundi C sehemu ya kumi ya 40 ni 4, na tofauti ni kilo 3.5. Kundi linafaa. Mwanafunzi ayahakiki makundi mengine kwa njia hiyo hiyo. Hata hivyo uzito si kipimo pekee. Ikiwa wawili wana kilo sawa, lakini mmoja ana miaka 11 na mwingine ana miaka 14 na ameanza kubalehe, wasikutanishwe. Na mtoto asiye na wa kulingana naye asitafutiwe mpinzani kwa nguvu. Apewe saa ashike muda, au filimbi asaidie mwamuzi.

(e) Ratiba. Kila mmoja wa kundi akutane na wenzake wote watatu, hivyo kila kundi litakuwa na mapambano 6, na makundi manne yatakuwa na 24. Utaratibu huu ni bora kwa watoto kuliko ule wa mtoano, maana aliyeshindwa mara moja hupata nafasi ya kujaribu tena. Pambano liwe na nusu mbili za dakika moja moja, na mapumziko ya nusu dakika. Ukihesabu kuingia, kutoka na kusawazisha uwanja, tenga dakika 6 kwa kila pambano, jumla dakika 144, yaani saa 2 na dakika 24. Cheza raundi ya kwanza ya makundi yote ndipo uingie ya pili. Kwa njia hiyo kila mtoto hupumzika zaidi ya nusu saa kati ya pambano na pambano. Upimaji uanze saa 2.00 asubuhi na umalizike saa 2.30. Watoto wanywe uji huku makundi yakipangwa. Mapambano yaanze saa 3.30, nayo yatakwisha kabla ya saa 6.00, jua halijawa kali. Maji ya kunywa yawepo muda wote.

(f) Uwanja na sheria. Penye shida ya magodoro ya mieleka, mchanga mkavu, mlaini na uliochekechwa unafaa. Anayegusisha mabega mawili ya mwenzake chini ameshinda. Ni marufuku kukaba shingo, kupinda vidole, na kumwinua mtu na kumwangusha kwa kichwa. Filimbi ikilia, mikono iachie mara moja. Mwamuzi asisite kusimamisha pambano. Ni afadhali alaumiwe na watazamaji kuliko kulaumiwa na mzazi.

5. Hitimisho

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuwafundishe watoto kukubali kushindwa na mwenzao aliye hodari zaidi, lakini tusiwafundishe kushindana na njaa na kiu. Mwaka uliofuata tulirudi katika shule ile ile na utaratibu huu mpya. Mvulana yule alikuwa darasa la saba, akiwa na kilo 43. Alishinda pambano moja, akashindwa mawili, kisha akaja kutuuliza kama kumebaki uji.

Maswali ya mazoezi

1. Andika andalio la somo la dakika 40 la Hisabati ambamo wanafunzi wenyewe watahakiki mizani kwa kutumia maji.
2. Wasichana saba wana kilo 33, 34, 34.5, 36, 38, 39 na 41. Wapangie makundi mawili yanayotimiza kanuni ya sehemu ya kumi, na utaje idadi ya mapambano yatakayochezwa.
3. Mwalimu mkuu anataka madaraja yatangazwe mapema "ili watoto wajiandae". Jadilini mtamjibuje kwa heshima na kwa hoja.