Mafunzo Saba Niliyopata Kati ya Leparua na New York

Nimefika New York mara mbili, nikiwa miongoni mwa wawakilishi wa jamii za wafugaji katika Jukwaa la Kudumu la Umoja wa Mataifa kuhusu Watu wa Asili, linalokutana huko kila mwaka. Mara ya kwanza nilipitia Doha; mara ya pili niliruka moja kwa moja kutoka Nairobi. Kabla ya hapo ndege kubwa nilizijua kwa taa tu, zikipita usiku juu ya boma zetu kuelekea Uhabeshi na Arabuni. Vijana wa hapa Leparua wanaojiandaa kusafiri huniuliza mambo ya angani yakoje. Huwajibu kwamba angani hakuna kazi. Kazi yote iko chini.

1. Tiketi ina saa zake, nasi tuna zetu

Tiketi yangu ya kwanza iliandikwa Jumanne, 00:55. Nikaisoma kwa Kiswahili: saa saba kasoro dakika tano, Jumanne usiku. Basi Jumanne asubuhi nikakamua mbuzi, nikaaga, nikapanda bodaboda hadi Isiolo na matatu hadi Nairobi. Saa tatu usiku nilikuwa uwanja wa ndege wa Embakasi, nikijisifu kwa kuwahi. Binti wa kaunta akanitazama kwa huruma: "Pole mama, ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo."

Nililipa faini na tofauti ya nauli. Siku ya tiketi huanza saa sita usiku. Siku yetu huanza jua likichomoza, na "Jumanne usiku" kwetu ni giza linalofuata jua la Jumanne. Sasa nikiona saa yoyote inayoanza na sifuri mbili, naandika kando kwa kalamu: usiku wa kuamkia Jumanne, niwe uwanjani Jumatatu jioni.

2. Doha ni Isiolo nyingine

Nilishangaa kuambiwa kwamba anayekwenda Marekani, iliyoko magharibi, ataanza kwa kuruka saa tano kuelekea Arabuni. Kisha nikaufikiria mji wetu. Asiyepata gari la moja kwa moja kutoka Moyale, Marsabit au Wajir hushuka Isiolo akatafuta gari jingine. Si kwamba Isiolo ndiko aendako. Ni kwamba hapo ndipo abiria wa kulijaza gari hupatikana. Doha ni hivyo hivyo. Ndege za Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam humwaga watu pale, wakachanganyika na wa Bara Hindi, wakaijaza moja ya New York, safari ya saa kumi na nne hivi. Njia ya ndege haifuati ramani, hufuata abiria.

Jambo jingine: saa za Doha ni sawa na za Nairobi. Usiiguse saa yako hadi uipande ndege ya pili.

3. Herufi tatu ni chapa

Mfugaji hamwachilii ng'ombe njiani bila chapa. Mizigo nayo ina chapa yake: NBO ni Nairobi, DOH ni Doha, JFK ni New York. Kabla sanduku halijaondoka mbele yako, soma karatasi iliyofungwa kwenye mpini wake. Ikisomeka JFK, usihangaike nalo Doha. Litahamishwa bila wewe. Ikiishia DOH, uliza hapo hapo. Ukifika New York ulichukue mwenyewe upite nalo forodhani, hata kama una ndege nyingine ya kwenda mbele.

4. Maziwa ya kibuyu hayapiti

Nilibeba kibuyu cha maziwa kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye ukaguzi nikaambiwa kimiminika kisizidi mililita 100 kwa chupa. Nilikunywa nilichoweza, kingine kikamwagwa. Shanga zangu za shingoni, zenye waya na vipande vya bati, ziliiliza mashine mara tatu. Sasa shanga husafiri sandukuni, nami huzivaa nikishafika.

5. Ndege ya moja kwa moja ina masharti yake

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari ya Nairobi hadi New York bila kutua popote. Haikuanza kwa sababu tu ndege ilinunuliwa. Ilibidi kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iridhike na usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya, jambo lililofanyika Februari 2017. Embakasi nako kuko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Ndege iliyojaza mafuta ya saa kumi na tano huinuka vizuri zaidi katika ubaridi wa usiku.

Saa kumi na tano za kukaa ni ngumu kwa mtu aliyezoea kutembea nyuma ya mifugo. Miguu ilinivimba. Chagua kiti cha kandokando ya njia, uinuke kila baada ya saa mbili.

6. Jina kubwa halirefushi uwanja

Julai 2017 Rais Uhuru Kenyatta alifungua Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Isiolo. Tulitumaini kwamba nyama yetu na miraa ya jirani zetu wa Meru vingepanda ndege pale pale. Lakini njia yake ya kurukia ina kilomita 1.4 hivi, ya Embakasi inapita kilomita nne. Ndege ya kuvuka bahari haitoshi hapo.

Hata njia ya safari yenye uwanja wa kutosha hufa. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, na soko la London likafungwa. Somalia ilizuia ndege za miraa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Uwanja hujengwa hapa, lakini njia huamuliwa pia na wale wa upande wa pili.

7. Safari huanza mlangoni kwako

Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni takriban kilomita 280 za lami. Kinachonitia hofu ni kile kipande kifupi cha kutoka Leparua hadi Isiolo, kwa sababu ya laga, mto wa msimu. Mvua ikinyesha juu milimani, laga haikauki wala huivuki. Wajumbe wenzangu wa Jukwaa waliotoka miji mikubwa walihesabu safari kuanzia uwanja wa ndege. Mimi naihesabu kuanzia boma. Kwa hiyo nikipata tiketi nyingine nitaondoka nyumbani siku mbili kabla, nilale Nairobi kwa jamaa. Nawe ukiitwa, fanya vivyo hivyo. Laga ikijaa, rubani hana habari.